Mfumo hai wa kompyuta: maamuzi yanayofanywa kabla flashi haijachomekwa

Mtu anayeketi mbele ya kompyuta isiyo yake, iwe katika mkahawa wa intaneti, katika maktaba ya mji wa ugenini au ofisini kwa rafiki, hukosa hakika ya mambo mawili. Hajui ni programu zipi zinazofuatilia anachoandika, wala hajui ataacha alama gani atakapoinuka na kwenda zake.

Mfumo hai ulibuniwa kwa sababu nyingi, na hali hiyo ni mojawapo. Ni mfumo kamili wa uendeshaji, pamoja na programu zake zote, unaobebwa katika flashi au DVD na kuiwasha kompyuta bila ya kusakinishwa kwenye diski yake. Flashi ikichomolewa na kompyuta ikizimwa, mashine hurudi kwa mwenyewe kama alivyoiacha.

Hata hivyo, flashi mbili zenye mifumo hai zaweza kufanana kwa nje na kutofautiana kabisa kwa tabia. Moja huwaka katika kompyuta fulani, nyingine hukataa. Moja husahau kila kitu, nyingine hukumbuka hata yale ambayo mtumiaji angependa yasahauliwe. Tofauti hizo hazitokani na flashi. Zinatokana na machaguo aliyoyafanya mtu mwingine siku ile alipoiunda taswira ya mfumo, mara nyingi bila ya kumjua atakayeitumia.

Kutoka CD hadi flashi

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1992 kampuni ya Yggdrasil ya Marekani ilitoa Linux iliyoweza kuendeshwa kutoka kwenye CD. Lakini jina lililoueneza mtindo huo ni Knoppix, kazi ya Mjerumani Klaus Knopper, iliyotoka mwaka 2000. Kwa kuzibana programu, Knopper aliweza kutia takriban gigabaiti mbili za programu katika CD ya megabaiti 700, na CD hiyo ilitambua yenyewe vifaa vya kompyuta iliyotiwa ndani yake.

Baadaye ikaja Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Kati ya mwaka 2005 na 2011 mradi huo ulituma CD bure kwa njia ya posta kwa yeyote aliyeziomba, popote duniani. Kwa Afrika Mashariki, ambako kabla ya nyaya za baharini kufika mwaka 2009 intaneti ilitegemea zaidi setilaiti ya bei kubwa, CD iliyofika kwa bahasha ilikuwa na maana kuliko faili la megabaiti 700 lililosubiri kupakuliwa usiku kucha.

Kitabu na kioo

Taswira ya mfumo hai ni faili moja kubwa, ambalo jina lake kwa kawaida huishia na iso. Ndani yake mna programu ya kuwashia, mna kerneli ya Linux, na mna mfumo mzima wa mafaili uliobanwa katika umbo liitwalo SquashFS, ambalo liliingizwa rasmi katika kerneli mwaka 2009.

SquashFS husomwa tu, haiandikwi. Vipi basi mtumiaji aweza kubadilisha mandhari ya skrini au kuhifadhi barua? Kazi hiyo hufanywa na tabaka la pili, ambalo siku hizi hutumia OverlayFS, iliyoingia katika kerneli mwezi Desemba 2014. Mfano wake ni mtu aliyeweka kioo juu ya ukurasa wa kitabu na kuandika juu ya kioo. Atazamaye kwa juu huona maandishi kana kwamba yamo kitabuni. Kioo kikifutwa, kitabu ki vilevile.

Katika mfumo hai wa kawaida, kioo hicho ni kumbukumbu ya RAM. Kwa hiyo kila faili linalopakuliwa hula nafasi ileile inayotumiwa na programu zilizo wazi, na mtumiaji wa mashine yenye gigabaiti moja ya RAM hugundua jambo hilo mapema sana, kompyuta inapoganda katikati ya kazi.

Amri mbili

Zipo zana nyingi za kuunda taswira za namna hii. Iliyo wazi zaidi kwa mwanafunzi ni live-build ya mradi wa Debian, kwa kuwa machaguo yote huandikwa kwa maneno katika mafaili ya kawaida yanayoweza kusomwa na kupitiwa na mtu mwingine.

Kazi huanza kwa amri ya lb config, ambayo huandika machaguo katika folda iitwayo config. Hufuatiwa na lb build, ambayo ndiyo hujenga. Ujenzi hupitia hatua kadhaa: kwanza huletwa Debian ndogo kabisa, kisha vifurushi vya programu husakinishwa ndani yake, na mwishowe yote hubanwa na kufanywa faili linaloweza kuwasha kompyuta. Amri ya ujenzi hutaka mamlaka ya msimamizi wa mfumo, pamoja na nafasi ya kutosha katika diski.

Mfano wa machaguo ya mwanzo ni huu:

lb config --distribution trixie --architectures amd64 --binary-images iso-hybrid --archive-areas "main contrib non-free-firmware" --bootappend-live "boot=live components locales=sw_TZ.UTF-8 timezone=Africa/Dar_es_Salaam"

Orodha ya programu huwekwa katika config/package-lists, ndani ya faili ambalo jina lake huishia na .list.chroot. Mafaili ambayo mjenzi anataka yaonekane ndani ya mfumo, kama vile picha, vitabu au mipangilio, huwekwa katika config/includes.chroot kwa mpangilio uleule ambao yatakuwa nao baadaye. Yaliyobaki, yasiyoweza kufanywa kwa kunakili mafaili, huandikwa kama amri fupi katika folda ya hooks.

Nani ataweza kuwasha?

Neno amd64 katika mfano huo limewapotosha wengi. Mwenye kompyuta ya Intel huliona na kudhani kwamba si lake. Ukweli ni kwamba jina hilo limetokana na kampuni ya AMD, ambayo ndiyo iliyotoa kwanza prosesa za aina hiyo, zenye biti 64, mwaka 2003. Intel ilifuata muundo huohuo.

Zilizo nje ya mlango ni prosesa za biti 32. Tails, mfumo hai maarufu uliojengwa juu ya Debian, uliziacha mwezi Juni 2017. Debian yenyewe ilitoa kerneli kwa ajili yake kwa mara ya mwisho katika toleo la 12 la mwaka 2023; katika toleo la 13 lililotoka Agosti 2025, hakuna tena kerneli wala kisakinishi cha biti 32. Laptopu ndogo za mwaka 2008 zilizotumia prosesa ya Intel Atom N270 zimo katika kundi hilo. Mjenzi anayejua kwamba shule anayoikusudia ina mashine kama hizo hana budi kubaki na Debian 12, akijua pia kwamba matengenezo ya toleo hilo yana mwisho.

Chaguo la iso-hybrid halina ugomvi: faili lilelile huchomwa katika DVD au kuandikwa katika flashi. Mgumu ni mlango wa kuwashia. Kompyuta za zamani huwaka kwa mfumo wa BIOS, za leo kwa UEFI, na nyingi katika hizi za leo hukataa programu ya kuwashia isiyo na saini inayotambulika. Debian ilianza kukidhi sharti hilo la saini katika toleo la 10, mwaka 2019. Taswira iliyoundwa kwa BIOS peke yake haitatoa hata ujumbe wa kosa katika mashine mpya. Haitaonekana kabisa katika orodha ya vitu vya kuwashia, na mtumiaji atadhani flashi yake imekufa.

Kadi isiyopokea

Hakuna chaguo lililoleta mjadala mrefu zaidi ndani ya Debian kuliko lile la maneno machache yafuatayo --archive-areas. Kadi nyingi za mtandao usiotumia waya haziwezi kufanya kazi mpaka kerneli izipatie programu ndogo iliyotengenezwa na kiwanda chenyewe. Programu hizo, kwa sehemu kubwa, si huru: msimbo wake haujulikani, wala hauruhusiwi kubadilishwa. Debian, ambayo tangu kuasisiwa kwake imejifunga kwa ahadi ya uhuru wa programu, ilizitenga.

Msimamo huo ulikuwa na heshima yake, lakini gharama yake ililipwa na mtu aliye mbali. Aliwasha kompyuta kwa flashi aliyoipata kwa shida, akakuta kwamba kadi ya mtandao haipokei. Ili ipokee alihitaji kifurushi kilichomo katika intaneti, na ili aifikie intaneti alihitaji kadi ipokee. Aliye katika mji wenye waya wa mtandao mezani hakuliona tatizo. Aliyetegemea mawimbi ya jirani alikwama.

Mwezi Oktoba 2022 wanachama wa Debian walimaliza kupiga kura na kukubali kwamba taswira rasmi zibebe programu hizo. Toleo la 12, mwezi Juni 2023, likaja na sehemu mpya ya maktaba yake iitwayo non-free-firmware, iliyotengwa na programu nyingine zisizo huru. Ni suluhu nzuri, kwani mjenzi aweza kuichukua sehemu hiyo bila ya kuchukua mengine. Lakini ni lazima aitaje, kisha ahakikishe kwamba vifurushi vinavyohusika vimo kweli ndani ya taswira.

Ukubwa dhidi ya kasi

Njia za kuubana mfumo wa mafaili ni kadhaa. Ile ya xz hubana sana lakini hufunguka polepole. Ile ya zstd hubana kidogo kuliko hiyo na kufunguka haraka. Tails 7.0, iliyotoka Septemba 2025, ilihama kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Kwa maelezo ya wenyewe, mfumo sasa huwaka kwa sekunde 10 hadi 15 mapema zaidi katika kompyuta nyingi, na taswira imekuwa kubwa kwa asilimia 10. Toleo hilo pia lilipandisha mahitaji ya RAM kutoka gigabaiti mbili hadi tatu.

Kwa mpakuaji wa Stockholm, asilimia 10 si kitu. Kwa anayenunua vifurushi vya intaneti vya siku katika simu yake mjini Kigoma, hesabu ni nyingine. Ndiyo maana mjenzi anayelenga watu fulani hafai kuiga machaguo ya mradi mkubwa bila ya kupima.

Njia nyingine ya kupunguza ukubwa ni kuizuia live-build isichukue vifurushi vinavyopendekezwa tu, kwa kutumia --apt-recommends false. Hapo kuna mtego. Vifurushi vya user-setup na sudo navyo huingia kwa pendekezo. Visipotajwa kwa majina katika orodha, mfumo hushindwa kumwandaa mtumiaji wake, na taswira nyepesi iliyotarajiwa hugeuka mlango usiofunguka.

Kiswahili katika skrini

Lugha ya mfumo huchaguliwa kwa neno locales. Misimbo ya Kiswahili ipo: sw_TZ kwa Tanzania na sw_KE kwa Kenya. Kuiweka kunaathiri tarehe, majina ya siku na sarafu, lakini hakuzitafsiri programu. Tafsiri hutegemea watu waliofanya kazi hiyo kifurushi baada ya kifurushi, na hapo pengo ni kubwa.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kupigiwa mfano. Pamoja na hayo, anayewasha mfumo hai leo kwa msimbo wa sw_TZ hukuta Kiswahili katika baadhi ya sehemu na Kiingereza katika nyingi. Kwa msomaji wa Bujumbura au Bukavu aliyesoma kwa Kifaransa, mchanganyiko huo waweza kuwa mzigo kuliko msaada; afadhali mjenzi aweke pia fr_FR na kumwachia mtumiaji achague wakati wa kuwasha.

Kukumbuka na kusahau

Chaguo lenye uzito kuliko yote ni la hifadhi ya kudumu. Neno persistence likiongezwa katika maneno ya kuwashia, mfumo hutafuta sehemu ya diski au flashi iliyopewa jina hilohilo, yenye faili la persistence.conf. Faili hilo hueleza nini kihifadhiwe. Likisema /home, huhifadhiwa nyaraka na mipangilio ya mtumiaji. Likisema / union, huhifadhiwa kila badiliko, pamoja na programu zilizoongezwa.

Kwa mwalimu anayebeba flashi kutoka darasa hadi darasa hii ni neema. Kwa mwandishi wa habari anayevuka mpaka, flashi iliyokumbuka yote ni ushahidi uliofungwa tayari mfukoni. Live-build huruhusu hifadhi hiyo isimbwe kwa neno persistence-encryption=luks, na Tails haijui hifadhi ya kudumu isiyosimbwa. Tails, ambayo mwaka 2013 ilitumiwa na Edward Snowden na waandishi waliopokea nyaraka zake, huenda mbali zaidi: intaneti yote hupitishwa katika mtandao wa Tor, na kompyuta inapozimwa, RAM hufutwa. Mwaka 2024 mradi huo uliungana na ule wa Tor.

Kuna neno la siri ambalo si siri. Katika mfumo hai wa Debian mtumiaji huitwa user na neno lake la siri ni live, na aweza kufanya kazi zote za msimamizi. Kwa anayeketi mbele ya mashine hilo halina madhara makubwa. Lakini mjenzi akitia ndani ya taswira huduma ya SSH, ya kuingilia kompyuta kwa mbali, bila ya kubadilisha neno hilo, basi yeyote aliye katika mtandao uleule aweza kuingia. Aidha, maneno ya siri ya mtandao wa ofisi au funguo za kusimbia zisiwekwe kamwe katika includes.chroot. SquashFS hubana, haifichi. Anayepata nakala ya taswira huifungua kwa amri moja.

Isisahaulike pia kwamba mfumo hai hauwezi kuzuia kifaa cha kunasa vibonyezo kilichochomekwa nyuma ya kompyuta, wala kamera iliyo darini.

Faili la nani?

Tarehe 20 Februari 2016 wadukuzi waliingia katika tovuti ya Linux Mint na kuelekeza viungo vya kupakulia kwenye taswira iliyobadilishwa ya toleo la 17.3, iliyokuwa na mlango wa siri. Waliopakua siku hiyo walipata mfumo uliofanana na ule halisi.

Kinga ya kwanza ni kulinganisha jumla ya SHA256 ya faili na ile iliyotangazwa. Lakini aliyeweza kubadilisha faili katika tovuti aweza pia kubadilisha namba iliyo kando yake, na kwa hiyo saini ya GPG ya mjenzi ndiyo ya kutegemewa zaidi. Hata hiyo husema tu kwamba faili limetoka kwa mjenzi. Haisemi kwamba kompyuta ya mjenzi haikuingiliwa. Kwa sababu hiyo Tails, tangu mwaka 2017, hujengwa kwa namna ambayo mtu mwingine, akianza na msimbo uleule, hupata faili lililo sawa baiti kwa baiti. Tofauti ikionekana, pana jambo la kuulizwa.

Umri wa taswira

Taswira huanza kuzeeka siku ileile inapokamilika. Marekebisho ya usalama yanayotolewa baadaye hayawezi kuingia katika SquashFS. Mtumiaji akiyaleta, hukaa juu ya kioo na kufutika pamoja nacho, isipokuwa hifadhi ya kudumu iwe inabeba mfumo mzima. Kivinjari cha intaneti cha miezi minane iliyopita, katika flashi iliyogawiwa kwa watu mia, ni udhaifu uleule mara mia.

Kwa hiyo mjenzi hujenga tena na tena. Live-build humrahisishia kwa kuweka akiba ya vifurushi katika folda ya cache, ili ujenzi wa pili usipakue upya yasiyobadilika. Amri ya lb clean huiacha akiba hiyo, ilhali lb clean --purge huifagia yote, na kuna waliolipia kosa hilo kwa gigabaiti kadhaa. Taswira mpya hujaribiwa kwanza katika QEMU, programu inayoigiza kompyuta ndani ya kompyuta, kisha katika mashine halisi, moja ya zamani na moja ya karibuni, kwa kuwa kadi ya mtandao ya kuigizwa hupokea daima.

Machaguo yenyewe huandikwa katika faili la auto/config, ambalo lb config hulisoma kila mara. Mara nyingi halizidi mistari kumi na mitano. Likiambatana na folda ya config, na kama haikutiwa mafaili makubwa, vyote viwili hupita katika barua pepe hata pale ambapo taswira ya gigabaiti mbili haipiti, na fundi aliye upande wa pili, mwenye Debian na muda wa mchana mmoja, aweza kujenga nakala yake mwenyewe.